Mke Mwenza Mwenye Injini Nne

Jumapili, 2 Machi 2003

Wiki mbili sasa tangu Baba Irine arudi moja kwa moja, na bado nabisha hodi kwenye chumba changu mwenyewe. Si kwamba ameniambia nibishe. Ni mkono tu. Ukiishi peke yako miaka ishirini na sita, mume akija likizo mwezi mmoja kwa mwaka, halafu siku moja ukafungua mlango ukamkuta ameketi kitandani anakunja soksi na wala hana tarehe ya kuondoka, mkono unakwenda wenyewe kugonga.

Baada ya misa nilimpikia ndizi kwa nyama. Alikula, akafuta mdomo, akasema, "Asante sana, Mama Irine. Chakula kizuri." Akabeba sahani yake mpaka jikoni. Kila siku ni hivyo hivyo, kama mgeni aliyelelewa vizuri.

Nikiwa naosha vyombo nilimuuliza kama tungekwenda Singe kesho kuangalia shamba. Hakujibu. Nilipogeuka alikuwa dirishani anautazama mlima Kwaraa, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Mvua bado.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Kanisa lilijaa mpaka nje. Yeye ni Mlutheri, alibaki nyumbani. Mvua bado.

Ijumaa, 7 Machi

Wamekuja tena watu kumwona "rubani". Safari hii ni Modesti mwenye kinu cha kusaga na mkewe Mama Brayan, majirani wetu wa ng'ambo ya uzio. Modesti aliingia na kibuyu cha maziwa ya mgando, akasema kwa sauti yake ile aliyozoea kushindana nayo na mashine, "Shikamoo, rubani!"

"Marahaba. Lakini mimi si rubani."

"Mhudumu, basi?"

"Wala."

"Sasa mzee wangu, kama huendeshi na hugawi soda, huko juu ulikuwa unafanya nini miaka yote hiyo?"

Baba Irine akacheka. Sijamwona akicheka tangu afike. Akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akapanga vikombe vinne vya chai mezani. Hizi ni injini nne za ile ndege kubwa, jumbo, akasema. Mbele wameketi rubani na msaidizi wake, wanatazama wanakokwenda. Nyuma yao kuna kiti cha tatu, kimegeukia ukutani, na ukuta wote ni vipimo na mishale na swichi. Hapo ndipo alipokaa yeye, mhandisi wa ndege. Marubani wanatazama njia, yeye anaitazama ndege. Mafuta yanahama kutoka tangi gani kwenda lipi, injini ipi ina joto, hewa ya abiria inatosha. "Wao walijua tuko wapi," akasema. "Mimi nilijua kama tutafika."

Akaendelea mpaka chai ikapoa. Shirika lake la huko Ulaya lilipata jumbo ya kwanza mwaka sabini na moja, na watu walifunga maduka kwenda kuitazama ikitua. Ghorofani mwake palikuwa na sebule, unapanda kwa ngazi ya kuzunguka, na matajiri walikaa huko wakinywa na kuvuta sigara juu ya mawingu. Bei ya mafuta ilipopanda, sebule ikang'olewa, vikawekwa viti. Yeye aliajiriwa huko mwaka sabini na saba, baada ya Jumuiya kuvunjika na shirika letu la Afrika Mashariki kufa pamoja nayo. Alikuwa fundi wa injini Nairobi, akabaki na boksi la spana na mke mwenye mtoto mchanga. Shirika likaendelea kununua mpaka jumbo zikafika ishirini na mbili. Walibeba mahujaji, walibeba farasi wa mashindano, waliwahi kubeba wakimbizi wengi mno kuliko viti, watoto wakilala sakafuni. Halafu wakubwa wakaona ndege ya injini mbili inafika kule kule kwa mafuta kidogo zaidi, na kompyuta inaweza kukaa kiti cha tatu bila mshahara. Wakaanza kuzitoa moja moja. Zinarushwa mpaka jangwani Marekani, zinapangwa mchangani, zinang'olewa vipuri.

"Zimeisha zote," akasema. "Na mimi nimeisha nazo."

Mama Brayan akanigonga bega. "Kumbe Mama Irine ulikuwa na mke mwenza, tena mwenye injini nne!"

Tukacheka wote. Nami nilicheka. Baadaye nikiosha vile vikombe nilikivunja kimoja mkono wake.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua! Alasiri, kutoka upande wa ziwani, matone makubwa yenye harufu ya vumbi. Baba Irine alikuwa barazani, akanyoosha kiganja kama mtoto. Nikasimama nyuma yake nikasema, "Mungu ametukumbuka." Hakugeuka. Nikarudi ndani.

Jumamosi, 15 Machi

Tumepanda mahindi na mbaazi Singe. Mzee Paskasi, jirani yetu wa shamba, alitulimia kwa ng'ombe wake. Baba Irine alifukia mbegu kwa mstari ulionyooka kama rula, kimya, hatua kumi mbele yangu.

Jumanne, 18 Machi

Sijui niandike nini kuhusu Clara nisionekane mtu mbaya.

Clara ni mpangaji wangu wa vyumba vya uani. Alikuja mwaka jana mkoa huu ulipoanza, pamoja na maofisa wengine waliojaa Babati mpaka vyumba vikawa adimu. Kwao ni Bukoba. Ni binti mwenye heshima, analipa kodi yake, na ana sauti nzito ya kwaya inayofika barabarani. Jioni akirudi ofisini huketi mbele ya Baba Irine na kumwambia, "Baba, leo nisimulie nyingine." Naye anasimulia! Mtu ambaye mimi nikimuuliza kama anataka sukari anatazama dirishani.

Leo nilikuwa jikoni nachambua mchicha nikamsikia akimweleza Clara jinsi walivyoondoka Bombei Julai ya mwaka themanini na sita, ndege imejaa, na juu ya bahari injini moja ikawaka moto. Akaizima. Ya jirani yake, upande ule ule, ikaanza kutetemeka mpaka meno yakagongana, akaizima nayo. Wakabaki na mbili za upande mmoja. Walizunguka wakimwaga mafuta baharini ili ndege iwe nyepesi kutua, na muda wote huo alikuwa akihesabu kilo kwa sauti ili rubani asikie binadamu anaongea. Walipotua, matairi yalipasuka, na kapteni wake, Henrik, jitu la futi sita, akalia akiwa bado ameshika usukani.

"Baba, uliogopa?" Clara akauliza.

"Niliogopa nilipofika hotelini," akasema. "Nilishindwa kufungua vifungo vya shati."

Julai ya themanini na sita. Nilikuwa hapa hapa. Nilikuwa nauguza mama yangu, na nilipokea kadi yenye picha ya mnara wa huko Bombei, imeandikwa, "Hali ya hewa ni joto. Wasalimie."

Nilimaliza mchicha. Nikatokea mlangoni nyuma yake, nikamuuliza taratibu, "Kwa nini hukuniambia?" Clara alinitazama. Yeye hakugeuza hata shingo.

Jumatatu, 24 Machi

Zamu ya usiku, wodi ya wazazi. Watoto wanne, wote wazima. Mvua kila siku.

Alhamisi, 27 Machi

Taarifa ya habari ya jioni, redioni, mwishoni kabla ya michezo: shirika lile, walilitaja jina, litarusha jumbo yake ya mwisho mwezi Mei. Baada ya hapo basi.

Mei! Na yeye aliwaambia watu hapa hapa kwamba zimeisha zote. Amerudi Februari.

Alikuwa ameketi kando ya redio hiyo hiyo akikata kucha. Hakuinua kichwa. Nilimtazama muda mrefu kuona kama uso wake utabadilika. Haukubadilika kabisa. Sikujua kama mume wangu ana uso mgumu kiasi hicho.

Jumapili, 30 Machi

Nilimweleza Mama Brayan uzioni. Nisingemweleza, lakini ningemweleza nani?

"Ama amefukuzwa," akasema, "ama anaumwa, ama ana mwingine huko na wamegombana. Mwanaume haachi kazi miezi mitatu kabla ya sherehe ya kuagwa."

Nikampigia Irine simu Mwanza. "Mama, muulize tu," akasema. Kwa watoto kila kitu ni kuuliza tu. Nimemuuliza. Nilimuuliza jana akiwa anasoma gazeti, kwa sauti ya kawaida, "Baba Irine, jumbo ya mwisho inaruka lini?" Akafungua ukurasa wa pili.

Jumatano, 2 Aprili

Nimehamia chumba cha Irine. Nimesema ni kwa sababu ya zamu, nisimwamshe. Akanitazama nikisema, akasikiliza mpaka mwisho, akajibu, "Sawa, Mama Irine. Upumzike vizuri."

Nilitaka abishe.

Jumapili, 6 Aprili

Mvua haikatiki. Barabara ya Singe ni tope mpaka magotini. Nilipokuwa peke yangu nilikuwa mpweke wa kawaida, kama watu wengine, mpweke mwenye kazi zake na redio yake. Huu wa sasa una viatu vya mtu mlangoni.

Nimeamua. Pasaka ikipita nitamwambia aende kwao Usangi. Ndugu zake wapo, nyumba ya baba yake ipo. Nitamwambia vizuri, bila ugomvi. Sitaki kuzeeka nikiongea na kisogo.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika pole pole.

Tulikwenda Singe kwa palizi. Jua lilikuwa linawaka, lakini juu ya Kwaraa kulikuwa na wingu jeusi lililolala mlimani tangu asubuhi. Maji ya juzi yalikuwa yamekula kona ya shamba letu upande wa korongo, na Baba Irine akasema atapanga mawe yazuie udongo. Akashuka korongoni. Chini palikuwa na kijito tu, mtoto angekivuka bila kuvua viatu. Mimi na Mzee Paskasi tulibaki juu tunapalilia, kila mtu kwenye shamba lake.

Paskasi ndiye aliyesikia kwanza. Alisimama wima na jembe mkononi, akageukia mlimani. Kisha nami nikasikia, kama malori mengi yanashuka mteremko bila breki.

"Maji!" Paskasi akapiga kelele. "Maji yanakuja! Mtoe mzee!"

Wanawake waliokuwa wanafua juu yetu walikuwa wanakimbia tayari, nguo wameziacha. Nilitupa jembe nikakimbilia ukingoni. Baba Irine alikuwa chini, ameinama, mgongo ameuelekeza mlimani, anageuza jiwe aone upande gani utakaa vizuri. Nikamwita. Nikamwita tena kwa jina lake, Elimringi, jina ambalo sijalitamka tangu tulipochumbiana. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nimezoea kunong'ona wodini. Alikuwa karibu mno, ningeweza kumtupia kokoto. Akaliweka jiwe, akapangusa mikono, akachukua jingine.

Niliteremka kwa makalio. Sikumbuki nilivyofika. Nilimshika kola ya shati nikamvuta, akanitazama kwa mshangao kama mtu aliyeamshwa, halafu akatazama nyuma yangu na uso wake ukabadilika. Tukapanda. Paskasi alilala kifudifudi akashusha mpini wa jembe, Baba Irine akaushika, nami nikamshika yeye mkanda. Maji yalipita chini yetu mekundu, na gogo zima la mti, na mbuzi akiwa hai bado. Yalimvua kiatu kimoja mguuni.

Tulipokuwa juu nilimpiga. Ngumi zote mbili, kifuani. "Nimekuita! Nimekuita! Unataka nini kwangu? Hata kufa hutaki kunijibu?"

Hakujikinga. Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wangu. Si machoni pangu. Mdomoni.

"Sikusikia," akasema.

"Singe nzima imesikia!"

Mzee Paskasi alikuwa ameketi kwenye majani anahema. Akasema kwa upole, "Mama Irine, huyu mzee hasikii. Siku ya kupanda nilimsemesha nyuma yake nikaona. Nilidhani unajua."

Mimi ni muuguzi. Nimekaa na wagonjwa tangu nikiwa msichana. Nilisimama pale na tope mpaka shingoni, na kila kitu kikanijia kwa pamoja: kiti anachosogeza mpaka magoti yagusane, sauti ya Modesti ya kinuni, sauti ya Clara, redio, sukari, dirisha. Sikuwa nimemuuguza mtu. Nilikuwa nimenuna.

Tulirudi nyumbani taratibu, yeye kiatu kimoja. Nimemwekea maji ya moto ya kuoga. Godoro langu nimelirudisha.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Sikwenda kanisani, Mungu anisamehe. Tulikaa mezani tangu chai mpaka mchana, mimi nimeketi upande wake wa kushoto, uso kwa uso, napaza sauti.

Sikio la kulia limekwenda karibu lote. La kushoto limebaki nusu, na linaendelea. Ni kelele za miaka yote, za injini za chini Nairobi kabla ya vifaa vya kuziba masikio, na za angani. Sauti nene zinabaki, nyembamba zinaondoka. "Za wanawake ndizo zinazotangulia," akasema. "Na yako, Mama Irine, ni ndogo kuliko zote."

Angani alikuwa anafungulia vifaa vya masikioni mpaka mwisho, na mengine akiyasoma kwenye midomo. Januari daktari wa Shirika akamfungia kwenye kile chumba cha kupimia, akamwambia abonyeze kitufe kila anaposikia mlio. Alikaa akingoja mlio uanze. Baadaye mlango ukafunguliwa wakamwambia kipimo kimekwisha.

"Walibakiza jumbo moja na wahandisi wanne wa kuimalizia," akasema. "Nilitaka niwe mmoja wao. Nilikuwa nimeshawaambia wote. Nikasema nitakuja hapa niseme imekwisha ndege, si mimi."

"Na mimi? Hukuweza kuniambia mimi?"

"Nilikuwa nikija mwezi mmoja kwa mwaka. Mwezi mmoja mtu anaweza kuwa mzima. Sikujua jinsi ya kuwa mgonjwa mbele yako. Hatujawahi."

Nikamuuliza habari ya Bombei. Alisema barua ilikuwa inachukua wiki tatu. Asingependa niogope peke yangu kitu ambacho yeye alishamaliza kukiogopa. Nikamwambia, kwa sauti kubwa, kwamba wiki ile nilikuwa namuuguza mama na nilihitaji sana mtu wa kuogopa naye, kwa lolote. Akainama akanishika vidole viwili, si mkono wote, viwili tu.

Daktari wake alimwambia mwaka mmoja, pengine miwili, hata sauti nene zitakuwa zimekwenda.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mvua, kimya, mfungo. Alikuja nami Njia ya Msalaba.

Jumatano, 23 Aprili

Simu kutoka Ulaya. Nilipokea mimi kwa kuwa yeye hasikii kengele. Ni yule Kapteni Henrik, Kiingereza chake na changu vyote vya kuunga. Safari ya mwisho ya jumbo kuja Afrika ni Nairobi, Jumamosi ya tarehe tatu Mei. Yeye amekwisha staafu, lakini anayeirusha alikuwa mwanafunzi wao. Angependa Elimringi awepo.

Baba Irine alikataa. "Nikafanye nini? Kuangalia wengine wakiketi?"

Nilipika makande. Nilipomwekea sahani nikasema, "Mimi nataka kwenda."

"Wewe? Wewe unaichukia."

"Naichukia kwa habari tu. Sijawahi kuiona hata kwa mbali. Mtu ana haki ya kumwona mke mwenza wake kabla hajazikwa."

Akatazama mdomo wangu kuhakikisha kwamba ndivyo nilivyosema. Kisha akacheka mpaka Clara akaja kuuliza kuna nini.

Ijumaa, 2 Mei

Nairobi. Siku mbili njiani. Tope mpaka Makuyuni, tukalala Arusha, Namanga foleni ndefu ya hati. Miguu imevimba. Amenyoa ndevu mara mbili leo.

Jumamosi, 3 Mei

Tulipanda ghorofa ya jengo la uwanja wa ndege, mahali watu wanaposimama kuwapungia ndugu zao. Walikuwepo wazee wachache wa zamani, mafundi wa shirika lililokufa, wenye makoti yanayonuka dawa ya nondo. Waliamkiana kwa kupigana mabega. Hakuna aliyemuuliza chochote, nami nilishukuru.

Kisha akanionyesha.

Nilikuwa nimejitayarisha kwa kitu kizuri cha kuonewa wivu. Ni kubwa mno, ndiyo, mkia wake unazidi mnara wa kanisa, na ndege nyingine zilizokaa kando yake zilionekana kama vifaranga. Lakini imechoka. Rangi imebabuka tumboni, kuna michirizi ya mafuta chini ya mbawa, na ile nundu yake ya kichwani inaifanya ionekane kama mama aliyejitwisha mzigo tangu alfajiri. Nilishindwa kuichukia. Nilihisi kama nikiwa wodini akiletwa mzee ambaye jamaa zake wamemsimulia kila mtu habari za nguvu zake.

"Madirisha yale ya juu," akasema, "la mwisho nyuma ya rubani. Langu."

Ilisogea taratibu mpaka mwisho wa njia, ikageuka. Wale wazee wakavua kofia. Baba Irine alikamata chuma cha uzio kwa mikono yote miwili. Ndege ikaanza kukimbia, na sauti ikatufikia. Niliiona ikimfikia kila mtu pale, nyuso zikikunjamana, mtoto mmoja akiziba masikio. Yeye alikuwa anageuza kichwa kushoto, kulia, kushoto.

"Naisikia kwenye chuma," akasema. "Mikononi. Masikioni hamna kitu." Akanigeukia. Sijawahi kumwona akiomba kitu. "Mama Irine, inasikikaje?"

Mimi nilijua nini kuhusu injini? Lakini nilisogea kwenye sikio lake la kushoto, nikaweka viganja kuzunguka mdomo, nikapiga kelele. Nikamwambia ilianza kama upepo kwenye bati. Nikamwambia sasa kuna mlio mwembamba juu, kama chuma kinanolewa, na chini yake kuna kishindo kinachoingia tumboni. "Zote nne?" akauliza. Nikasikiliza kama ninavyosikiliza mapigo ya mtoto kabla hajazaliwa, nimefumba macho, nikitafuta kama yanaruka. "Zote nne!" nikasema. "Hazirukiruki! Zinakwenda pamoja! Sasa imenyanyuka, kishindo kinapungua, ule mwembamba umekwisha, umebaki mzito tu. Unakwenda. Unakwenda. Bado. Bado kidogo."

Alikuwa ameinama, sikio mdomoni pangu, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola. Niliendelea kumwambia bado, bado, hata baada ya mimi mwenyewe kuacha kuisikia.

Alhamisi, 8 Mei

Tumerudi. Mahindi yamefika kifuani. Palizi ya pili imechelewa.

Jumatatu, 12 Mei

Clara amehamishiwa Kiteto. Amelia, nami nimelia. Nimempa blanketi zito.

Jumamosi, 17 Mei

Sasa tunaongea. Kila jioni namweleza mwaka mmoja, tangu alipoondoka. Leo nilikuwa mwaka wa themanini na mbili: njaa, foleni za sabuni, Irine na surua, ng'ombe niliyemnunua akafa wiki ile ile. Ni kazi. Lazima nipaze sauti kila neno, koo linakauka, na mtaa wetu wote wa Maisaka unajua mambo yangu.

"Ng'ombe yule hakuwa mweusi!" Mama Brayan akapiga kelele kutoka uzioni. "Alikuwa wa madoa!"

"Anasemaje?" Baba Irine akauliza.

"Anasema alikuwa wa madoa!"

"Kwani mweusi alikuwa yupi?"

Ikabidi tumwite aje, akaketi, akaendelea yeye kusimulia pale nilipokosea. Modesti akafuata na kiti chake.

Jumapili, 25 Mei

Mvua zimekatika. Anga ni safi, upepo wa baridi umeanza. Baada ya chakula alisinzia kwenye kiti cha barazani, nami nikavuta kigoda nikaketi upande wake wa kulia, ule uliokwisha kwenda.

Karibu kila kitu kinaweza kupigiwa kelele. Njaa, ng'ombe, surua, hata ugomvi. Lakini kuna maneno ambayo mtu akiyapigia kelele yanageuka kuwa kitu kingine. Ni ya kunong'ona tu, na kwa hayo nimechelewa.

Hata hivyo niliyasema, kwa sauti yangu ile ya wodini, mdomo karibu na shavu lake. Nilimwambia kwamba nilimpenda miaka yote ile, na kwamba wala halikuwa jambo rahisi.

Akafumbua macho. Labda alihisi pumzi. Akageuza uso wake wote kwangu, akatafuta mdomo wangu, lakini nilikuwa nimekwisha nyamaza.

"Umesemaje?"

"Nimesema chai inapoa!"

"Basi si umpe anywe!" akajibu Mama Brayan kutoka ng'ambo ya uzio.